Bi Pimbi, Kifungua Kinywa cha Fisi

Paukwa!
Pakawa!
Kinywa!
Cha fisi!
Ukoga!
Wa mwaka juzi!
Mwenye pua?
Azibe!

Haya, zibeni pua, tegeni masikio.

Alikuwapo Fisi mmoja, mkubwa wa kimo, mkubwa wa ulafi, na tangu azaliwe hajapiga mswaki. Hata mara moja! Akila nyama, analala. Akila mfupa, analala. Akila ngozi na kwato zake, analala. Ukoga ukapanda juu ya ukoga, meno yakawa ya manjano, yakawa ya kijani, yakawa ya rangi ambayo haijapewa jina. Akipiga miayo, hwaaa! nzi wanaanguka chini, pu! pu! pu! Wanyama walikuwa wakiipata harufu yake kutoka mbali, na wakiipata tu, wanatoka nduki.

Jirani yake maweni alikaa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: kimo cha paka, mkia hana, maneno anayo. Alikuwa na watoto saba. Siku moja watoto wote saba walikuwa na mafua, pua zimeziba, kwa hiyo Fisi alipokuja hawakunusa kitu. Bi Pimbi aliporudi kutoka kuchuma majani hakukuta mtoto hata mmoja. Alikuta harufu.

Moyo ulimpasuka paa! Akaifuata ile harufu, pata-pata-pata, hadi pangoni kwa Fisi. Akachungulia. Watoto wake wamo ndani ya tenga, juu ya tenga limewekwa jiwe, na kando ya jiwe Fisi ameshika shavu, analia.

"Uuwii, gego langu! Nyama ninayo, jino sina!"

Bi Pimbi akaelewa papo hapo. Hilo jino ndilo linalowalinda wanawe. Likipoa, wameliwa. Akavunja vijiti viwili vya mti wa mswaki, akakitafuna kimoja ncha mpaka ikawa brashi, akapiga hodi.

"Hodi, mjomba! Hodi mwenye pango!"

"Nani wewe?"

"Mimi ni kifungua kinywa."

Fisi akasahau maumivu. "Kifungua kinywa? Kimekuja chenyewe? Kwa miguu yake? Karibu! Pita, pita mpaka ndani!" Akaachama amtafune. Gego likamchoma, nyaa! "Uuwii!"

"Umenielewa vibaya, mjomba," akasema Bi Pimbi. "Vinywa ndiyo kazi yangu. Nafungua, nakwangua, nasafisha. Mimi ni fundi wa meno. Sasa unataka kupona au unataka kulia?"

"Nataka kula!"

"Huli mpaka upone, na huponi mpaka uachame. Ila mimi kazi yangu siifanyi gizani. Toka nje, juani, niyaone hayo magego."

Fisi akatoka, tenga analiburuta nyuma yake na jiwe lake juu, kwa sababu mlafi haachi chakula peke yake. Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe akapiga ukelele: "Jamani, njooni! Fisi anasafishwa meno!"

Nani asingekuja? Wakaja swala. Wakaja ngiri. Wakaja kanga. Wote wameziba pua. Mwisho akaja Tembo, mkubwa wa pori, ambaye kwa urefu wa pua yake ndiye aliyekuwa akiteseka kuliko wote. Na pori lile lilikuwa na sheria moja: neno ukilisema mara tatu mbele ya Tembo, halirudi. Ukilirudisha, unakanyagwa.

"Achama, mjomba."

Fisi akaachama.

"Achama zaidi."

Akaachama zaidi.

"Zaidi ya hapo! Au hutaki kula?"

Fisi akaachama mpaka masikio yakakutana kisogoni. Bi Pimbi akasimamisha kijiti kimoja kati ya chonge ya juu na chonge ya chini, kak! Kinywa kikabaki wazi kama mlango wa duka. Bi Pimbi akavuta pumzi, akaingia.

Kwaru! kwaru! kwaru! Ukoga ukaporomoka mapande mapande. Akatoa unyoya. Kanga wakalia, "Shangazi!" Kwaru! kwaru! kwaru! Akatoa kwato. Swala wakalia, "Babu!" Kwaru! kwaru! kwaru! Akatoa kengele ya mbuzi, nge-nge-nge! Wanyama wakatazamana.

"Mbuzi hayupo leo," akasema Tembo. "Endelea, fundi."

Kule nyuma kabisa, katikati ya magego mawili, Bi Pimbi akakiona kipande cha mfupa kimezama kwenye ufizi. Ndicho kilichokuwa kikimliza Fisi. Akakigusa kidogo tu, kwa ncha ya mswaki.

Fisi akaruka. "A-a!"

Bi Pimbi akapata wazo. Kinywa kilichoachama, wenzangu, hakina maneno mengi. Hakiwezi kusema "wangu." Hakiwezi kusema "ndiyo." Kina "a" tu, na "a" mbili zikifuatana, hata mtoto wa jana anajua maana yake. Bi Pimbi akatoa kichwa nje, akapaza sauti ili pori lote lisikie.

"Mjomba Fisi, hawa watoto walio tengani ni wako?"

Akaugusa mfupa.

"A-a!"

"Utawatafuna?"

Akaugusa.

"A-a!"

"Na siku nyingine, ukiwakuta maweni, utawakamata tena?"

Hapo akaugusa sana.

"A-a! A-aaa!"

"Mwenyewe amekana mara tatu," akasema Tembo, "na ya nne ameongeza kwa hiari yake." Akaliondoa lile jiwe kwa mkonga. Watoto wakatoka wakipiga chafya, chya! chya! chya! mpaka zikatimia saba, wakakimbilia maweni. Bi Pimbi alilia kwa furaha humo humo ndani ya kinywa cha Fisi, na machozi yake yakayasuuza magego.

Lakini fundi ni fundi. Akaushika ule mfupa, akauvuta, ta! Akaangusha kijiti, kak! Akaruka, akatua mgongoni kwa Tembo.

Fisi akafumba kinywa. Akakifumbua. "Chakula changu! Mimi sikusema..."

"A-a," wakasema wanyama wote kwa pamoja.

"Lakini nilikuwa na maana..."

"A-a," akasema Tembo, mguu mmoja tayari uko juu.

Fisi akafumba kinywa tena. Na katika kukifumba akagundua kwamba jino haliumi. Akapitisha ulimi: laini! Akajitazama dimbwini: meupe pe! Akasahau njaa, akageuka huku, akageuka kule, kama bibi harusi mbele ya kioo. Akapiga miayo ya raha, hwaaa! Nzi wakabaki hewani.

Wanyama wakashangilia. Bi Pimbi peke yake hakushangilia. Akanusa. Akanusa tena. Hakuna harufu! Wanawe wamepona, sawa, lakini wa wenzake? Sasa fisi huyu atakuja kimya kimya na nani atajua? Akaona aibu, akaona na hofu. Amelisafisha balaa mpaka likang'aa.

"Mjomba," akasema haraka, "yamependeza, ila hayajakauka. Meno mapya yakikosa hewa, ukoga unarudi na jino linauma maradufu."

"Maradufu!" Fisi akashika shavu. "Sasa nifanye nini, fundi wangu?"

"Kila ukitoka kutafuta riziki, kwanza yaanike. Cheka. Cheka kwa nguvu, mpaka gego la mwisho lipigwe na upepo. Ukiwa na njaa kidogo, cheka kidogo. Ukiwa na njaa kali, cheka kwelikweli."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Hebu jaribu."

"Hiii-hi-hi-hi-hiiii!"

"Umefuzu, mjomba!" Ng'ambo ya kilima, nyumbu waliokuwa wakinywa maji waliacha maji wakakimbia.

Mpaka leo fisi hatoki kuwinda bila kuanika meno. Na mpaka leo anafika mahali pa mawindo, anakuta vumbi, anakaa chini akijiuliza wenzake wamehamia wapi, na yeye amependeza hivi.

Hadithi yangu nimeitema hapo. Ikiwa tamu, lambeni. Ikiwa chungu, sukutueni.

Mnataka mafunzo? Mafunzo ni haya: msipige mswaki. Fisi mchafu alilala ameshiba miaka yote. Kasafishwa siku moja tu, njaa mpaka kesho. Na fundi wa meno akikwambia achama, muulize kwanza ana watoto wangapi, na wako wapi. Mimi fundisho hili nimelishika tangu utotoni, ndiyo maana meno yangu yote mawili ni mazima, moja huku, moja kule, wala hayajawahi kugombana.

Haya, mwenye meno yake anitafunie muwa.