Saa ya Kombo na Shaame

"Saa ya kuazima haijui ulikotoka." Ndivyo alivyosema Bi Mize jana alipomnyang'anya mkwewe vidonge vya presha vya jirani, nanyi mkacheka mkauliza saa na vidonge vina undugu gani. Haya, kaeni niwaambie. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana mbele huko hakuna pa kuchekea. Msemo huu wala si wa enzi za mababu, na chimbuko lake ni hili.

Kaskazini mwa Pemba palikuwa na kituo kidogo cha kuzamia, ambako wageni walikuja kutazama matumbawe na samaki. Wageni hao waliongozwa chini ya maji na wenyeji wawili, Kombo Faki na shemeji yake Shaame. Shaame ni kaka yake Time, na Time ni mke wa Kombo. Wawili hawa walikuwa chanda na pete. Vespa yao ilikuwa moja, kanzu ya sikukuu ilikuwa moja, na aliyewahi kuamka ndiye aliyeivaa. Time alikuwa akisema kwamba aliolewa na mume mmoja akapewa wawili, tena wote walaji.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwani asiyeelewa hapa hataelewa kitu. Mtu akizama na mtungi mgongoni, hewa anayoivuta humwingia mwilini kwa nguvu ya maji yanayomkandamiza. Akienda chini zaidi na kukaa zaidi, hujaa zaidi. Akipanda kwa utaratibu, hutoka yenyewe. Akipanda kabla ya wakati wake, hufanya mapovu ndani ya damu, kama soda iliyotikiswa halafu ikang'olewa kizibo. Tena haitoki yote mara moja. Ya asubuhi, mtu huwa bado anayo mchana. Ndiyo maana wazamiaji huvaa mkononi kompyuta ndogo, ambayo watu wa kwetu waliiita saa tu. Hiyo hukumbuka umekwenda kina gani na umekaa kiasi gani tangu asubuhi, kisha hukupigia hesabu ya muda uliobakiwa nao.

Saa za kituo zilipozeeka zikafa moja baada ya nyingine, meneja aliwaambia kila mtu akajinunulie yake. Kombo na Shaame wakachanga fedha, wakaenda mjini dukani kwa Bwana Salmin, muuzaji wa vifaa vya bahari. Salmin akawawekea mezani saa mbili ndogo, za kioo cheusi na cheupe. Zilionyesha kina, muda na dakika zilizobaki, basi.

"Hizi zinawatosha," alisema. "Moja yako, moja yake."

Shaame akaigeuza moja, akaguna. "Hii mbona kama ya kuamshia watu daku?"

Jicho lake lilikuwa limekwisha kwenda kabatini, penye saa moja kubwa yenye kioo cha rangi. Hiyo ilikuwa na dira, ilisoma hewa iliyobaki mtungini, tena ilihesabu michanganyiko ya gesi ambayo wao hawajawahi hata kuinusa. Bei yake ilikuwa sawa na zile mbili kwa pamoja.

"Tuchukue hii," Shaame akasema. "Tutavaa kwa zamu. Kizuri kula na nduguyo."

Salmin alijaribu kuwaambia kwamba saa ya kuzamia haivaliwi kwa zamu. Walimcheka. Walisema Mzee Salmin anataka kuuza mbili. Kombo alisitasita kidogo pale mlangoni, lakini Shaame alikuwa ameshaivaa na anaipigisha jua, anafurahi kama bwana harusi. Kombo hakuwa na moyo wa kumharibia.

Kwa miezi mingi mambo yakawa mazuri. Leo anazama huyu, kesho anazama yule, na saa inahama mkono kwa mkono. Walikuwa wamefundishwa chuoni kwamba kila mtu na yake, wakafanya na mtihani wakafaulu. Lakini kosa lisilouma mara ya kwanza hugeuka kuwa desturi, na desturi ikikaa nyumbani haiulizwi tena ilikotoka.

Siku hiyo wageni walikuwa wengi. Asubuhi Shaame aliondoka na saa, akaenda kufundisha wanaoanza, karibu na pwani, majini ambako ukisimama kichwa kinakaribia kutokeza. Kombo alichukua wageni wazoefu, akawapeleka kwenye ukuta, pale mwamba unapokatika ukashuka gizani. Wao walikuwa na saa zao, naye akawa anaogelea ubavuni mwa mmoja wao akimchungulia mkono. Walikwenda chini sana, wakakaa, wakarudi salama.

Mchana wageni hao wakasema wanataka ukuta tena. Shaame alikuwa na mafua tangu jana yake, na sasa masikio yakaanza kuziba, kwa hiyo hangeweza kwenda kina kile. Ikabidi Kombo arudi. Shaame akasema atakaa botini kuwalinda. Wageni walipokwisha kuvaa mitungi, alivua saa mkononi mwake akamnyooshea shemeji yake.

"Vaa hii."

Kombo akaurudisha mkono nyuma kidogo. "Asubuhi sikuwa nayo, yakhe. Mie nilikuwa kule chini, nayo ilikuwa kwako."

"Asubuhi imeshapita."

"Najua imepita, lakini..."

"Lakini nini? Utawaongoza watu mkono mtupu? Au unanionea haya, shemeji?"

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomfunga. Kwao, mtu akikunyooshea kitu kwa mkono wa kulia ukakikataa, basi umemkataa yeye mwenyewe. Kombo akaunyoosha mkono. Shaame akamfunga saa kwa vidole vyake, akaubana ukanda, akampigapiga begani.

Kombo alizama. Shaame alikaa ukingoni mwa boti akiangalia mapovu, akijisikia vizuri kama mtu aliyefanya wema. Saa za wageni zikawaita juu mapema, wakapanda; Kombo akabaki chini kidogo, kwani yake ilimruhusu, kisha akaibuka anacheka. Aliinua mkono kumwonyesha saa, kioo kizima kijani.

"Hata sikukaribia mwisho!" alisema. "Imeniachia muda mpaka nikachoka mimi."

Alivuliwa mtungi, akakaa. Akasema bega la kushoto linamuuma, labda amelivuta vibaya. Akasema ngozi inamwasha. Boti ilikuwa haijafika mbali alipotaka kusimama afunge kamba, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka. Shaame akacheka. Ndiyo, alicheka, akidhani ni mzaha wao wa kila siku.

"Shaame," Kombo akasema, sauti imebadilika. "Miguu yangu iko wapi?"

Shaame aliitazama. Ilikuwa pale pale, imenyooka, mizima, haina hata mkwaruzo. Akaushika mguu mmoja akauminya. Kombo hakujua kwamba ameshikwa.  Jambo la kwanza Shaame alilofanya ni kuutazama mkono wa shemeji yake, na saa bado ilikuwa kijani. Kioo kilisema huyu mtu hana tatizo lolote.

Wageni ndio waliomshtua kwa kelele. Wakamlaza Kombo chali, wakampa oksijeni ya dharura, boti ikageuzwa. Jioni wakavuka naye hadi Unguja, kwenye chumba cha chuma ambamo mtu wa namna hiyo hufungiwa, akarudishiwa mkandamizo kama wa chini ya maji, kisha akapunguziwa taratibu. Time alifika asubuhi na boti ya abiria, kanga mbilimbili, machozi hayajamtoka hata tone. Mshtuko ulikuwa umeyakausha.

Shaame alikaa kwenye benchi na ile saa kiganjani. Alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu: saa iwe mbovu. Iwe imeharibika, iwe bandia, iwe Salmin kawauzia takataka. Aliomba kwa bidii ambayo hajawahi kuomba hata kwa ajili ya roho yake.

Daktari, bibi mmoja mpole aitwaye Nassra, akaiomba. Akaiingiza kwenye chombo cha majaribio, akakaza mkandamizo, akalegeza, akasoma. Akarudi nayo.

"Hii saa ni nzima kabisa," alisema.

Hakuna neno lililowahi kumpiga Shaame kama lile.

Daktari akabonyeza, akatafuta kumbukumbu. "Ila kuna jambo silielewi. Inaonyesha asubuhi alizama kina kifupi sana, karibu na pwani. Mtu wa asubuhi ya namna hii hawi vile."

Time akainua kichwa. "Asubuhi mume wangu alikuwa ukutani. Mimi mwenyewe ndiye niliyempa uji akiondoka."

"Basi hii ni asubuhi ya nani?"

  Time aligeuka polepole akamtazama kaka yake usoni, na Shaame akaona jinsi dada yake anavyoelewa, hatua kwa hatua, mpaka mwisho. 

"Ni yangu," Shaame akasema.

Kombo alipotolewa, mguu wa kulia ulikuwa umerudi. Wa kushoto haukurudi siku ile, wala haukurudi kamwe. Shaame aliingia akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono, machozi yakimtoka.

"Usilie," Kombo akamwambia. "Ulinipa kitu kizima kwa moyo mzima. Ila hakikujua nilikotoka. Mimi nilijua, na nilinyamaza."

Siku ya kurudi Pemba, Shaame alimbeba Kombo mgongoni kutoka botini, kwa kuwa ngazi za gati zilikuwa ndefu. Time alikuwa nyuma na mabegi. Watu wa kituo walikuja kuwapokea, wakatoa pole, wengine wakalia. Mmoja wao, Mbwana, naye mwongozaji wa wazamiaji kama wao, alisubiri salamu ziishe. Kisha akasogea akiwa na haya.

"Shaame, samahani kwa wakati huu. Ile saa yenu, wewe leo huihitaji. Nina wageni mchana wanataka ukutani. Niazime tu, nitairudisha magharibi."

Time aliyaangusha mabegi. Shaame alisimama pale pale na mzigo wake, mguu mfu wa Kombo ukimgonga pajani. Alimtazama Mbwana kana kwamba anatazama maiti.

"Leo umeshazama?"

"Asubuhi. Kidogo tu."

 Shaame akamtengeneza Kombo vizuri mgongoni, ndipo akajibu, kwa sauti ambayo kila aliyekuwa gatini aliisikia:

"Saa ya kuazima, Mbwana, haijui ulikotoka."