Meza ya Nne

"Tamko la Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza Kuhusu Kupokea, Kutunza na Kurejesha Ndoo ya Bafuni Pamoja na Mfuniko Wake, Nakala Tatu."

Ndugu zangu, msicheke bado. Hicho ni kichwa cha habari tu. Fomu yenyewe ina kurasa mbili. Ina mahali pa kuandika rangi ya ndoo. Ina mahali pa kueleza kama mkono wa ndoo umenyooka au umepinda, na kama umepinda, umepindia upande gani. Chini kabisa kuna nafasi ya sahihi ya shahidi. Shahidi wa ndoo! Hapa kanisani tumefungisha ndoa kwa karatasi chache kuliko hizo, na nyingine zinadumu.

Asubuhi hii tumewaombea vijana wetu wanaokwenda vyuoni, na wazazi wawili watatu mmenisimamisha pale mlangoni mkiniuliza, "Mchungaji, mtoto tumwandaeje?" Basi acheni niwape mfano.

Palikuwa na binti mmoja aliyechaguliwa kwenda kusomea udaktari. Mama yake alikuwa fundi cherehani, mjane. Orodha ya vifaa ilipofika kutoka chuoni, ilikuwa na vitu ishirini na viwili, na mama yule alivikamilisha vyote ishirini na viwili, kila kimoja akikiwekea alama kwa ile chaki yake ya kuchorea vitambaa. Glavu. Kisanduku cha visu vidogo vya kupasulia. Viatu vya kufunika vidole. Koti jeupe hakulinunua. Alilishona mwenyewe, akafumua mabega mara tatu, kwa sababu daktari, alisema, hawezi kuvaa koti linalokaa kama gunia. Na juu ya yote akamtafutia stetoskopu, kile kifaa cha kuning'iniza shingoni cha kusikilizia mapigo ya moyo, ingawa hakikuwamo kwenye orodha. Mama ni mama.

Binti akafika chuoni. Akapewa kitanda cha juu kwenye dabo deka, chumba cha watu wanne, akatia sahihi ya godoro, ya ufunguo, na ya ndoo. Siku ya tatu mlango ukagongwa.

Chuo kile kilikuwa na utaratibu mzuri. Kila mgeni hupewa mwenzake aliyemtangulia mwaka mmoja, amwelekeze. Utaratibu huo nao ulikuwa na fomu, bila shaka.

"Hodi humu! Mimi ndiye mlezi wako," alisema dada mmoja mrefu, ndala miguuni, karanga mkononi. "Nimeandikiwa nikutembelee si chini ya mara sita kwa muhula. Hii ni ya kwanza. Tia sahihi hapa, halafu tuongee kama watu."

"Karibu, dada."

Binti akamfungulia sanduku amwonyeshe maandalizi yake. Dada akatikisa kichwa kwa kuridhika: koti, sawa, glavu, sawa, visu, sawa. Alipofika kwenye ile stetoskopu, akaiinua kwa vidole viwili.

"Hii irudishe chini kabisa, mdogo wangu. Wagonjwa wa mwaka wa kwanza hawana mapigo ya moyo."

Chumba kizima kikacheka. Binti naye akacheka. Lakini mikono yake ilikuwa imepoa kama maji ya mtungi, na hakuna aliyejua.

Nami nitawaambia ninyi jambo ambalo hakuwaambia wao. Alipokuwa na miaka saba baba yake alifariki, na wakati wa kuaga, mjomba mmoja, kwa nia njema kabisa, alimbeba akamwinua juu ya jeneza: "Muage baba." Akaona alichokiona. Tangu siku ile, kila msiba alikuwa wa kwanza kushika kisu cha kumenyea ndizi kule nyuma ya nyumba, ili zamu ya kuaga impite akiwa na kazi. Watu wakamsifu. "Mtoto wa fulani anajituma!" Miaka kumi na miwili anasifiwa kwa kukimbia.

Sasa niambieni, katika vile vitu ishirini na viwili, kipi kilikuwa cha kumtibu hilo?

Jumatatu, kipindi cha kwanza cha anatomia. Alivaa koti la mama yake, akafika mpaka mlangoni, ikamfikia ile harufu kali ya dawa ya kuhifadhia miili, akageuka. Akasema tumbo. Jumatano akafika tena mlangoni, akashika kitasa, akageuka. Mchana akaletewa barua: "Yah: Utoro Katika Vipindi vya Vitendo, Onyo la Pili na la Mwisho." Akikosa mara ya tatu, Ijumaa, jina linafutwa.

Ijumaa asubuhi akaanza kufunga sanduku. Akafikiria mama yake na yale mabega yaliyofumuliwa mara tatu, akalia, akalifunga hivyo hivyo. Kisha, kwa kuwa alilelewa vizuri, akajitwika sanduku, akachukua ndoo kuirudisha stoo. Mtunza stoo akaitazama fomu, akaitazama ndoo, akasema haiwezekani: ndoo hurejeshwa mwisho wa mwaka wa masomo tu. Mtu anaweza kuacha udaktari wiki ya kwanza, lakini ndoo haiachiki.

Akiwa anatoka pale, akakutana na dada mlezi.

"Unakwenda wapi na ndoo?"

"Nyumbani, dada."

"Kuoga?"

Binti hakucheka. Akamweleza yote, wamesimama pale pale: jeneza, mjomba, ndizi. Dada naye hakucheka. Akamshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye benchi la saruji lililo mbele ya jengo la anatomia, wakakaa, ndoo katikati yao.

"Mwaka jana hapa palikuwa pangu," dada akasema. "Nimekimbia mara mbili. Ya tatu nikakaa hapa nalia, koti nimelikunja mapajani. Palikuwa na mzee mtunza bustani, anafyeka majani. Akaweka fyekeo chini, akaniuliza, 'Mjukuu wangu, humo ndani kuna nini?' Nikamwambia, 'Kuna watu waliokufa, babu.' Akasema, 'Wamekukosea nini?'"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, 'Tatizo siwajui. Ungekuwa wewe humo, babu, nisingeogopa. Ningekuamkia tu nikaanza kazi.'"

"Dada! Ulimwambia mtu mzima maneno hayo?"

"Nilitaka aniache nilie. Yeye akacheka, mdogo wangu, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikajikuta na mimi nacheka. Nikaingia mle ndani kicheko hakijaisha. Ndivyo nilivyoingia, usije ukadhani ni ushujaa."

Karanga zake zilikuwa mkononi, hakuzila.

"Wiki hii walezi tumepewa kazi ya kufunua meza kabla hamjaingia. Jumatatu nikafunua meza ya nne." Akainua mkono wake wa kushoto, akakunja kidole cha mwisho. "Yule mzee kidole hiki hakuwa nacho. Fyekeo lilikichukua zamani."

Binti akaitazama ile milango miwili ya jengo.

"Nikaenda ofisini kuuliza. Kisheria hawataji majina, meza zina namba tu. Lakini karani wa pale alikuwa bado ana hasira na fomu ya mzee. 'Mzee huyu alitusumbua,' ananiambia. 'Fomu ya kutoa mwili ina mstari mmoja wa sababu, na pameandikwa kabisa: si lazima. Yeye akajaza akapitiliza mpaka nyuma ya karatasi. Nikamwambia arudie. Akarudia, akapitiliza tena!' Akanionyesha ili nishuhudie makosa. Nikasoma."

"Aliandika nini?"

Dada alikuwa ameyashika kwa moyo. Akayasema polepole, akiangalia majani yaliyoanza kurefuka pembeni mwa njia.

"'Nimefyeka majani hapa miaka thelathini na mmoja. Kuna mtoto aliniambia kwamba angenikuta humo asingeogopa, kwa sababu ananijua. Na mimi nawajua watoto hawa, wananiamkia asubuhi. Naomba niwekwe humo. Wanangu wameniuliza watazika nini. Nimewaambia wasubiri, wanafunzi wakimaliza nitakuja, ardhi haina haraka. Atakayeogopa aambiwe ni mzee wa majani tu, hana neno na mtu.'"

Ndugu zangu, kengele ya kipindi cha saa tatu ikalia.

"Lakini dada," binti akasema, "mimi sikumjua."

"Sasa umemjua."

Binti akasimama. Akafungua sanduku pale pale kwenye benchi, akavaa koti, akavaa glavu, moja akaivaa kinyume, akaivua, akaivaa tena. Akaingia. Hakuulizwa kitu, mwalimu alikuwa anaita majina, na alipofika kwenye jina lake akamsikia akiitika, akainua uso akamtazama, akaweka alama. Binti akaenda mpaka meza ya nne, akautazama mkono wa kushoto. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka kumi na miwili. Akautazama uso.

Akasema, "Shikamoo, babu."

Kulikuwa na kijana mmoja ng'ambo ya meza, mtoto wa mjini, anatafuna bigijii, mmoja wa wale wanaocheka kila kitu. Nyote mnajua angefanya nini. Akaitoa bigijii mdomoni, akaifunga kwenye karatasi, akaitia mfukoni. Akasema, "Shikamoo, babu." Na mwalimu, mtu mwenye digrii tatu na mvi kichwa kizima, aliyeingia chumba kile mara nyingi kuliko tunavyoingia sisi hapa, alivua miwani, akaishika, akakaa kimya kitambo. Halafu akasema, "Haya. Tuanze."

Hamtaki kunyamaza kidogo na ninyi? Mimi nilipoufikiria mfano huu niliweka kalamu chini.

Maana mtazameni mzee yule. Hakuna aliyemwomba. Hakuna aliyemhubiria. Msichana analia, anasema neno la utani ili aachwe, na mzee analichukua neno lile kama agizo, anaoga, anavaa shati safi, anakwenda ofisini, anasimama mbele ya karani, anaambiwa arudie, anarudia. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtoto ambaye hajafika bado, asiyejua jina lake wala kama ataogopa. Nani hutenda hivyo? Ninyi wenye elimu, niambieni upendo huo unapimwa kwa chombo gani. Na mimi nimesoma vitabu vingi vya theolojia, vingine vizito hata kubeba, na sijui kama kuna kimoja kilichonifikisha mahali alipofika mtu yule na fyekeo lake.

Sasa sisi.

Sisi tunapomwandaa mtoto tunahesabu vitu, na si vibaya. Mtoto aende na viatu. Lakini tunadhani tukishafunga sanduku tumemaliza, na kwamba akifika huko mbele atasimama kwa nguvu ya sanduku letu. Si kweli. Kila mmoja wetu aliyesimama mahali popote, kuna mtu alimtangulia mle ndani akalala ili yeye aweze kusimama. Wewe ulimjua wako? Ulimwamkia? Au ulipita pembeni yake kila asubuhi ukidhani anafyeka majani tu?

Na ninyi vijana mnaokwenda. Mtapewa walezi, na mwakani mtakuwa walezi. Msiwadanganye wadogo zenu kwamba hamkuogopa. Yule dada hakumsaidia mwenzake kwa ujasiri wake. Alimsaidia kwa kumwonyesha benchi alilolilia. Hilo halina fomu. Na angalieni maneno yenu ya utani kwa watu wazima wanaofagia na kufyeka. Hamjui wanayapeleka wapi.

Nanyi mlioketi huku nyuma na mnatazama saa, nawaona, tunakaribia. Leo ni Jumapili ya Meza ya Bwana. Muda mfupi ujao tutainuka, mstari kwa mstari, tutasogea hapa mbele kupokea mwili ambao Mwenyewe aliutoa, hatukumwomba, na siku alipoutoa wengi wetu tulikuwa tunakimbia. Tusogee basi kama watu wanaojua wanakokwenda. Si kwa mazoea, si kwa kusukumana. Uinue uso umtazame. Umsalimie.

Mkiniuliza baadaye mambo yalikuwaje hasa, bila maneno yangu ya mimbarini, yalikuwa hivi: mzee alifariki mwezi wa tano, na mwezi wa kumi na moja akaanza kufundisha.