Nani Aketi Kwanza Juu ya Shuka la Asumini?

Jongeeni karibu mtege masikio, kwa sababu nikimaliza mimi, mtaanza nyinyi.

Katika mji wa Mwandusi walikuwapo wanawake watatu, kila mmoja na lake. Mwanakheri alikuwa na jicho: akiliona ua mara moja, miaka ikapita, atalichora vilevile. Riziki alikuwa na ulimi: watu wasiosalimiana, yeye atawakalisha jamvi moja wale sinia moja. Na Kibibi alikuwa na mkono. Mpe sindano na uzi, kitambaa kitasahau kwamba kilichanika.

Mji ule ulikuwa na shuka la harusi, limedariziwa asumini zinazotambaa upande hadi upande. Bibi harusi huketi juu yake atazamwe na kutunzwa. Basi siku moja, harusini, mtaa wa Juu na mtaa wa Chini wakagombana, tena kwa ajili ya pilau! Wageni wa Chini eti waliandaliwa ukoko. Neno likazaa neno, mikasi ikatoka, shuka likakatwa vipande viwili. Bibi harusi wa siku hiyo alikuwa Kibibi mwenyewe. Aliketi juu ya nusu, akiiona nusu ya pili inatoka mlangoni kwapani mwa shangazi wa watu.

Vipande vile vililiwa na mende. Kibibi akajaliwa binti, Sabra, na tangu hapo alitaka jambo moja tu: mwanawe aketi juu ya shuka zima.

Sabra alipokaribia kuolewa, Riziki ndiye aliyeanza kuipatanisha mitaa. Alibeba kigoda chake akakiweka katikati ya njia inayotenga mitaa ile, akawa anaita kila apitaye. "Wewe, mwana wa Bi Asya! Mama hajambo? Mwambie nina hamu ya mazungumzo yake." Walimcheka kwanza. Kisha mmoja akaleta kigoda, na mwingine, hata njia ikawa haipitiki. Hapo hapo wakakubaliana: shuka lishonwe upya, nusu Juu, nusu Chini.

Mwanakheri akachora. Hakuna mwingine aliyekumbuka maua yale yalivyokaa. Alifumba macho, akafumbua, akaliweka tawi lote la asumini kwenye karatasi. Bikizee mmoja alipoliona machozi yakamtoka. "Ndilo hilo hilo, mwanangu. Ndilo nililokalia mimi."

Kila mtaa ukaenda kuhamisha mchoro kwenye kitambaa chake, wakipima kwa shibiri kama walivyofanya bibi zao. Lakini Juu walipima kwa mkono wa Bi Maimuna, pande la mtu, na Chini kwa mkono wa Bi Chiku, mwenye kiganja cha mtoto. Siku ya kuunganisha, tawi la Juu likapita huku, la Chini likapita kule.

"Nilijua tu watu wa Juu watajitanua!" akasema mmoja.

"Na nyinyi mnabana hata maua?" akajibiwa.

Wengine walishaanza kukunja vipande vyao. Haya Kibibi alikwisha kuyaona. Akatunga uzi sindanoni, akaingia katikati. Hakufumua kitu. Alilipinda tawi la Juu likashuka, akalipinda la Chini likapanda, akayafunga fundo, na juu ya fundo akadarizi ua kubwa kwa nyuzi za mitaa yote miwili. Vigelegele vilipasua paa. Lilikuwa zuri kuliko la zamani, na Mwandusi nzima ikatembea kifua mbele.

Wanawake wote watatu walikuwa na mabinti wanaoolewa wiki hiyo hiyo. Na desturi ya Mwandusi ni hii: bibi harusi wa kwanza kulikalia shuka jipya, nyumba yao ndiyo hulitunza, na wote watakaofuata hulifuata mlangoni pao.

"Bila mimi," akasema Riziki, "sindano zenu zingekuwa kabatini hadi leo."

"Bila mimi," akasema Mwanakheri, "mngedarizi nini? Mabua?"

Msichana mmoja akapaza sauti, "Si waketi wote watatu!"

"Aa!" akakataa Bi Tausi, kungwi wa mji. "Shuka hili halitagawanywa tena, hata kwa makalio." Watu wakaangua kicheko. "Kibibi, mbona umenyamaza? Sema, mwanangu."

Kibibi aliwatazama wenzake. Alijua wanasema kweli. Akamtazama Sabra, hina mikononi, kilemba cha maua kichwani, amesimama ukingoni mwa shuka bila kulikanyaga.

"Siwezi kuwanyang'anya wenzangu, Bi Tausi," akasema. "Lakini nikipewa nachukua, wala sitaona haya."

Ngoma imenyamaza. Shuka limetandikwa. Mabinti watatu wamesimama, na kungwi amewageukia nyinyi. Haya basi, mlioketi hapa: mnamkalisha yupi, na wale wawili mtawaambia nini mama zao?