Lodi Dubu Avua Joho

Hodi ya hadithi!
— Karibu, mlango wazi!
Mko na nani humo ndani?
— Sisi na woga wetu!

Basi ushikeni huo woga, maana nikisimulia mimi, hata waliomaliza chuo kikuu hulala taa zikiwaka.

Hapo kale, Uingereza ikiwa bado ya wanyama, paliishi Lodi Dubu, mwinyi wa Kilima cha Ukungu. Baba yake alikuwa lodi, babu yake alikuwa lodi, naye akawa lodi kwa kazi moja tu: kuzaliwa. Akavaa joho jekundu la ukoo, akaketi kwenye Baraza la Malodi, akasinzia, akawa waziri. Akasinzia tena, akapewa wizara kubwa zaidi.

Kila jioni kengele ya jumba lake ililia, ngo! ngo! Mpangaji mmoja wa shamba lake akaitwa chakulani. Sungura aliitwa, hakurudi. Bata aliitwa, hakurudi. Jioni hiyo akaitwa Kalunguyeye, kale kanyama kadogo ka miiba.

Akapanda kilima, miiba inagongana, cha-cha-cha. Mezani palikuwa na sahani moja, nayo tupu. Lodi Dubu akafunga kitambaa shingoni.

Kalunguyeye akainama kwa heshima. Akasema inamuuma kuona bwana mkubwa kama huyu hajawa Waziri Mkuu.

Dubu akasita. "Kwa nini sijawa?"

"Joho, mtukufu. Waziri Mkuu anatoka Bunge la Makabwela, na mwenye joho haingii humo. Livue mbele za watu, useme wewe si lodi tena. Sisi wapangaji tutakuchagua."

"Halafu nitalivaa tena?"

"Ukishakuwa mkubwa wa wote, nani atakukataza?"

Mila ilikataza. Joho likivuliwa, limevuliwa. Lakini siku iliposomwa barazani, Dubu alikuwa amesinzia.

Akalivua. Joho likaanguka, pwaa. Kura zikapigwa, Dubu akapata moja tu, yake mwenyewe. Akarudi mbio kulitafuta joho, akalikuta mwilini mwa mdogo wake.

"Ndiyo mila, kaka," mdogo wake akasema. "Ila usihofu. Kuna kibanda kitupu bondeni, jirani na Kalunguyeye."

Jioni kengele ikalia, ngo! ngo! Kalunguyeye akajikunja kama mpira. Akasikia hatua za tarishi zikishuka kilima, tu, tu, tu, zikifika mlangoni pake. Cha-cha-cha, miiba. Hatua zikapita, zikasimama kwa jirani.

"Lodi anakuita chakulani, ndugu mpangaji."

Dubu akapanda kilima. Hakurudi.

Na jioni iliyofuata? Ngo! ngo!

Hadithi imeshatoka, fungeni mlango, na komeo pia. Funzo lake, watoto wazuri, ni hili: msiwadanganye wakubwa, wanatupenda sana. Wakiwaalika chakula, naweni mikono mwende.