Kamba ya Kwendea Mwezini

Nianze, nisianze?

— Anza, tumekaa!

Nikisema paukwa?

— Tutasema pakawa!

Na nikipotea njia?

— Tutakurudisha!

Haya, sogeeni. Wenye miguu mirefu waikunje, wenye miguu mifupi wapite mbele.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama na ndege walipokuwa wakisemezana kama mimi na ninyi, palikuwa na nchi iitwayo Mangweni. Nchi hiyo ilikuwa na kilima kirefu. Kila mwezi ulipoandama, ule mwezi mwembamba wa jioni ulipita karibu na kilele. Karibu, lakini haushikiki.

Wazee wa Mangweni walisema babu zao waliwahi kufika mwezini. Walikwea mmea mmoja wa kutambaa uliokuwa umejisokota mpaka juu, wakafika, wakatembea huko, wakarudi wakisimulia vumbi linalonukia jivu. Kisha mmea ukaoza. Waliofika wakafa mmoja mmoja. Ikabaki hadithi tu, na vijana wakaanza kusema, "Ah, uongo wa wazee."

Sasa, katika nchi hiyo alikuwako komba mmoja jike, jina lake Siwema. Komba mnamjua, yule mnyama mdogo mwenye macho makubwa kama visahani. Siwema hakuutazama mwezi kama mimi na wewe tunavyoutazama. Aliutazama kama mtu anavyoitazama nyumba ya shangazi yake ng'ambo ya mto uliofurika.

Siku moja akamwendea rafiki yake buibui, Bi Tandabui.

"Mwenzangu," akamwambia, "ukisuka kamba, ukawapa wanao ncha yake, upepo ukawapeperusha, hawafiki mwezini?"

"Wanafika," akajibu Bi Tandabui. "Wakiifunga kwenye pembe ya mwezi, inakaa. Lakini uzi unatoka tumboni, Siwema. Tumbo tupu halitoi uzi."

"Unataka nini?"

"Kumbikumbi. Wangu na wa jamaa zangu wote. Na si wa siku mbili. Wa miaka."

Siwema akaenda kwa Tembo, kwani wakati huo Tembo ndiye aliyekalia kiti. Desturi ya Mangweni ilikuwa hivi: mtawala hukaa mvua tatu, kisha huchaguliwa mwingine. Tembo akasikiliza, masikio yakapepea. Akakusanya watu.

"Tutakwenda mwezini!" akanguruma. "Kila nyumba italeta kikapu cha kumbikumbi wakavu. Na tutafika kabla ya mvua ya tatu!"

Watu wakapiga vigelegele. Bi Tandabui akamnong'oneza Siwema, "Mvua tatu hazitoshi."

"Najua. Mwache ashangiliwe."

Vikapu vikaja. Buibui wakala, wakasuka. Na walipokuwa wakisuka waliimba hivi, nanyi mniitikie:

Suka, buibui, suka!
— Suka, usichoke!
Mwezi uko mbali, suka!
— Kamba iufike!

Mvua ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ikapita, na kamba ilikuwa nusu. Tembo akashuka kitini, Nyati akapanda.

Nyati akaja kuitazama kamba. Akaizunguka. Akainusa.

"Hii kamba ni ya nani?"

"Ya nchi, mzee," akajibu Siwema.

"Si ya Tembo?"

"Tembo aliianzisha tu."

"Basi mimi nitajenga mnara wa mawe," akasema Nyati. "Kamba iwekeni kando."

Ikawekwa kando. Watu wakabeba mawe mwaka mzima, migongo ikachubuka. Mvua ikanyesha usiku mmoja, asubuhi mnara umelala chini kama ng'ombe mgonjwa. Nyati akakohoa kidogo, akauliza, "Ile kamba iko wapi?"

Wakaenda kuitazama. Mchwa walikuwa wamekula theluthi yake.

Siwema akakaa chini akalia. Bi Tandabui akamwacha alie, kisha akasema, "Umemaliza? Basi niletee kumbikumbi."

Siku zile Siwema akawaza sana. Akajiambia, kamba ya mtu mmoja hukatwa na mtu mmoja. Akatafuta hila. Akaenda kijiji cha vyura, akawaambia, "Katika kamba ile kuna fundo la vyura. Njooni mlifunge wenyewe." Vyura wakafurahi. Akaenda kwa nungunungu, akawaambia, "Kuna fundo la nungunungu. Leteni miiba yenu iwe ya kukanyagia." Wakaleta. Akaenda kwa kenge, akawaambia vilevile. Kenge ni wavivu, hilo mnalijua. Wakaleta fundo la majani makavu, limefungwa ovyo.

Bi Tandabui akalishika, akalivuta. "Hili bovu, Siwema."

"Naliona."

"Sasa mbona unalipokea?"

"Kenge ni wengi barazani," akasema Siwema. Bi Tandabui akalisukia ndani ya kamba.

Na kweli, hila ilifanya kazi. Nyati alipobadili nia, akasema kamba ikatwe, baraza zima liliwaka. "Fundo letu!" wakalia vyura. "Miiba yetu!" wakalia nungunungu. "Na letu!" wakalia kenge. Nyati akajikuna. "Basi, basi. Isukwe."

Wakasuka.

Suka, buibui, suka!
— Suka, usichoke!

Mwezi ulipoandama, watoto wa Bi Tandabui wakapeperuka na ncha, wakaifunga kwenye pembe ya mwezi. Siwema akapanda. Nchi yote ilikuwa kilimani, shingo zimeinuka. Akapanda, akapanda, mpaka akauona uso wa mwezi, mabonde yake na milima yake, karibu kama ukuta huu. Zilibaki kama hatua mia. Ndipo akasikia, krr! Chini yake fundo la kenge lilikuwa linafunguka.

Angeendelea, angefika. Kurudi asingerudi.

Siwema akautazama mwezi. Akaitazama kamba. Akashuka, polepole, akalipita lile fundo akiwa amezuia pumzi. Alipokanyaga kilima, fundo likaachia, na kipande cha juu kikabaki kinaning'inia mbinguni mpaka mwezi ukazama nacho.

Watu wakapiga kelele, "Ni kenge! Ni kenge!"

"Hapana," akasema Siwema. "Fundo lile nililipokea mwenyewe nikijua ni bovu. Nilitaka kura zao. Kosa ni langu." Watu wakatulia. Hata kenge wakainamisha vichwa, na kwa kenge hilo si jambo dogo.

Mvua za Nyati zikaisha, akapanda Mbuni. Mbuni hakuwa na habari na mwezi hata kidogo, mpaka kunguru alipomletea neno. "Nyani wa ng'ambo wanaunda ngazi," akasema kunguru. "Watafika mwezini kabla yako."

Mbuni akaruka juu. "Watutangulie? Sisi? Kila nyumba vikapu viwili!"

Lakini mwaka ule mvua haikuja. Majani yalikauka, visima vikakauka, na kumbikumbi, mnajua wenyewe, hawaruki bila mvua. Baraza likakaa, na katikati ya baraza akasimama Bi Kanga, mama wa watoto kumi na wanne. Alikuwa amekonda, shingo kama kijiti.

"Mimi si msemaji," akasema. "Nauliza tu. Kikapu changu kimoja kinalisha wanangu siku nne. Buibui akikila, ninapata uzi. Wanangu nitawalisha uzi?"

Mbuni akasema, "Lakini nyani..."

"Nyani wana watoto wao," akasema Bi Kanga. "Mimi nina wangu."

Macho yote yakamgeukia Siwema. Alikuwa na maneno mengi kichwani, na yote aliyaona mepesi. Akasimama, akasema, "Bi Kanga asilete kikapu. Asilete yeyote. Mwezi haukimbii."

"Na nyani wakitutangulia?" akafoka Mbuni.

"Wakitutangulia, tutawakuta wamekwisha washa moto. Tutaota nao."

Kazi ikasimama. Buibui wakatawanyika kila mmoja akatafute riziki yake. Siwema akaichukua ile kamba iliyobaki, akaenda nayo kwenye kisima kirefu cha bondeni, ambacho maji yake yalikuwa yameshuka chini sana hata kamba za magome hazikuyafikia. Akafunga kibuyu, akashusha. Kibuyu kikarudi na maji. Wakanywa vyura, wakanywa nungunungu, wakanywa kenge, wakanywa watoto kumi na wanne wa Bi Kanga. Mwaka mzima kamba ile ilishuka na kupanda, haikukatika.

Mvua iliporudi, na kumbikumbi wakaruka hata jua likafifia, mtu wa kwanza kufika kwa Bi Tandabui na kikapu alikuwa nani?

— Bi Kanga!

Naam. Akakitua, akasema, "Hiki ni cha kamba. Wanangu wameshiba, kwa hiyo naweza kutoa. Lakini nina neno." Akaenda nalo mpaka barazani. "Tumechoka na kila mtu kuja na mnara wake. Kuanzia leo, mtawala mpya, kabla hajakalia kiti, asuke shubiri moja ya kamba ileile. Mbele yetu. Na mwaka wa njaa, kamba ipumzike, isikatwe."

Mbuni akatazama huku na huku. Watu wote walikuwa wamesimama upande wa Bi Kanga. Akasuka shubiri yake, kwa mdomo, vibaya vibaya. Bi Tandabui akaifumua, akamwonyesha, akaisuka tena.

Watawala wakaja, watawala wakaenda. Kila mmoja akasuka shubiri. Kila fundo likavutwa na kujaribiwa, na bovu likarudishwa kwa mwenyewe, hata kama jamaa zake ni wengi barazani. Kamba ikaisha wakati wa mtawala mmoja ambaye, nisameheni, jina lake nimelisahau.

Lakini miaka ilikuwa imekwenda. Siwema alikuwa na mvi. Yale macho yake makubwa yalikuwa yameingia ukungu, na alipokanyaga mwiba wa kwanza wa kamba, mguu ukateleza. Akakanyaga tena, ukateleza tena. Akaupumzisha mkono juu ya kamba kwa muda mrefu. Kisha akateremka akaenda nyumbani kwa Bi Kanga.

Bi Kanga alikuwa na binti yake wa mwisho, Chausiku, mwenye miguu imara na kichwa kitulivu. Tangu alipokuwa kifaranga alikuwa akimfuata Siwema kilimani.

"Bi Kanga," akasema Siwema, "nimekuja kukuomba Chausiku."

Bi Kanga akamkazia macho. "Ulinichukulia kumbikumbi. Sasa wanichukulia mtoto?"

"Simchukui, dada. Naomba. Ukikataa, narudi nyumbani kwangu, na sitakulaumu."

Bi Kanga akapanda kilimani peke yake, akaanza fundo la kwanza. Akalidonoa, akalivuta, akalitikisa. Akaenda la pili. Toka asubuhi mpaka alasiri alilidonoa kila fundo la kamba ile iliyolala kilimani. Aliporudi mdomo ulikuwa umechubuka.

"Chausiku," akaita. "Nenda. Ukirudi, urudi polepole, usishuke kwa haraka."

Jioni ile mwezi uliandama, mwembamba kama ukucha. Upepo ukabeba ncha. Chausiku akapanda, na Mangweni yote ikashika mwisho wa kamba, na mbele ya wote alishika Bi Kanga, na nyuma yake Siwema.

Suka, buibui, suka!
— Suka, usichoke!

Chausiku akawa mdogo. Akawa nukta. Akatoweka. Wakangoja. Mwezi ukaanza kuinama kuelekea kuzama, na Bi Kanga akaanza kusema taratibu, "Rudi, rudi, rudi," bila kujua kwamba anasema.

Kamba ikatikisika.

Akashuka polepole, kama alivyoagizwa. Alipogusa ardhi, mama yake alimfunika kwa mbawa zote mbili. Chausiku akatoa kichwa chini ya ubawa, akasema, "Mama, kule hakuna hata kumbikumbi mmoja!"

Watu wakacheka mpaka wakalia. Siwema alikuwa akilia tangu mwanzo.

"Kukoje, mwanangu?" akauliza.

"Kimya, shangazi. Nilisikia moyo wangu tu. Nikatembea, nikaruka, nikaruka tena, maana kule unaruka juu kama jani lililobebwa na upepo. Halafu nikageuka nyuma kutafuta Mangweni. Sikuwaona. Lakini kamba ilikuwa imekaza, nikajua mmeishika."

Siwema akanyoosha mkono, akampapasa. Chausiku alikuwa amejaa vumbi jeupe, punje punje, mwili mzima. Siwema akalinusa. Lilinukia jivu la moto uliozimwa na mvua.

"Ndivyo walivyosema wazee," akanong'ona. "Ndivyo hasa."

Bi Kanga akajaribu kulipangusa lile vumbi. Akapangusa, akapangusa. Halikutoka. Zamani zile kanga walikuwa weusi tii, kama masizi. Lakini Chausiku alipotaga, vifaranga vyake vilipokua vikatokeza madoa meupe, na watoto wa watoto wake vilevile, mpaka leo. Ukimwona kanga anadonoa uani, mtazame vizuri. Lile ni vumbi la mwezini, la mtoto wa yule mama aliyesimama barazani akauliza wanawe watakula nini.

Basi, mafunzo ni haya. Kazi ndefu haimalizwi na mtu mmoja, kwa hiyo asiivunje mtu mmoja kwa kuwa haikuanza na jina lake. Na anayetaka kwenda mbali awashibishe kwanza wale watakaomshikia kamba.

Mimi nimesimulia, ninyi mmeitikia. Aliyeipenda aichukue akalale nayo, asiyeipenda aniachie, nitamsimulia mwingine.

— Tumeichukua!