Viatu Vilivyotazama Njia

"Kugeuziwa viatu si kufukuzwa."

Mmemsikia mjomba wenu akimwambia Hoza maneno hayo mchana, Hoza alipolalamika kwamba mama mkwe amemfungia mizigo kabla hajaaga. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Mmefika penyewe, maana katika viatu hivyo jozi moja ilikuwa yangu. Basi sogeeni, na mwenye simu aiweke chini. Methali hii ilianza hivi.

Kaka yangu Erasto Mhina, Mungu amrehemu, alikuwa na kijana wake Kilua, aliyekwenda Japani kusomea ujenzi wa madaraja. Huko akampenda binti anayeitwa Chizuru, wa nyumba ya Noguchi, katika mji mdogo karibu na Kanazawa. Akapiga simu kuomba baba yake amposee. Erasto akasema posa haipigwi simu, posa huendewa kwa miguu. Akanichukua mimi dada yake, tukaondoka Muheza na makoti ya kuazima.

Sasa kuna jambo la ukoo wetu ambalo ninyi hamkulikuta. Zamani posa ikikataliwa, hakuna aliyetamka "hapana". Wageni walikaribishwa, wakalishwa, wakacheka na wenyeji. Lakini wakiwa ndani, mama wa binti alitoka kimyakimya akageuza viatu vyao vikatazama njia. Wakiviona hivyo, walivaa wakaenda zao bila kuaga, na posa ile haikutajwa tena. Kurudi kuuliza kulikuwa kujivunjia heshima, na hakuna Mhina aliyewahi kurudi.

Kwa akina Noguchi tulivua viatu mlangoni, nami nikafurahi, nikaona kumbe hawa ni wenzetu. Baada ya hapo sikuelewa kitu tena. Mzee Noguchi aliinama, Erasto akainama. Akainama tena, Erasto akainama zaidi, mpaka nikawa sijui nani atakoma kwanza. Tukakalishwa kwenye mikeka minene, magoti yangu yakinililia. Tukaletewa samaki, wali, na chai ya kijani isiyo na hata chembe ya sukari. Erasto akasema maneno ya posa, Kilua akatafsiri. Mzee Noguchi akavuta hewa katikati ya meno, kisha akasema neno fupi.

"Anasema tunywe chai kwanza, halafu atajibu," Kilua akatuambia.

Chai gani tena, na tumbo langu limejaa chai? Amefurahi huyu au amekasirika? Uso wake haukuniambia lolote. Mkewe alitutabasamia, akatoka kidogo, akarudi na tabasamu lile lile.

Erasto akakumbuka vitenge vya zawadi tulivyoacha mlangoni, akaenda kuvichukua. Hakurudi. Nilipomfuata nilimkuta amesimama kama kigingi. Viatu vyetu, tulivyovivua vikitazama ndani, vilikuwa vimepangwa vizuri, vinatazama njia.

"Dada, unaona ninachokiona?"

"Naona, ila sielewi. Na samaki wote wale walitulisha wa nini?"

"Vaa," akasema.

Nikavaa. Tukatembea kwenye mvua ya baridi hadi kituo cha treni. Moyo uliniuma kwa ajili ya Kilua, maana kwa desturi yetu Chizuru alikuwa ameshapotea.

Kilua akatufuata mbio, kamba za viatu zinaburuzika.

"Baba, kuna nini? Mzee alikuwa anajiandaa kujibu, kugeuka hampo!"

"Jibu tumeshalipata."

"Kwa nani?"

"Mlangoni."

"Mlangoni hapakuwa na mtu!"

"Usinifanye mtoto, Kilua. Viatu vimegeuzwa."

Kilua alitutazama kana kwamba tumerukwa na akili. Amekulia Tanga mjini yule, mambo ya posa za zamani hakuwahi kuyasikia. Nikamweleza. Akashika kichwa.

"Hapa viatu vya mgeni hugeuzwa kila siku, Shangazi! Ni ili akitoka aingize mguu tu, asihangaike. Mama wa watu amepiga magoti sakafuni akavigeuza kwa mikono yake. Ni heshima. Sasa analia jikoni, anauliza ni chakula gani kilichowaudhi. Na mzee anadhani mmemwona binti yake hafai."

Treni ikaja, milango ikafunguka. Erasto akanitazama mimi, nami nikaitazama milango. Je, kama kijana amepofushwa na mapenzi? Je, kama kweli tumefukuzwa, turudi tukafukuzwe mara ya pili? Milango ikafungwa, treni ikaondoka, sisi bado tumesimama.

"Basi," Erasto akasema, "treni yenyewe imeshatuacha. Turudi."

Njiani Kilua alimpigia Chizuru simu akamweleza yote. Kwa hiyo tulipofika, mama yake alitufungulia akiwa na macho mekundu, akatazama viatu tulivyovua, akanyoosha mkono, akaurudisha. Aliogopa kuvigusa. Sisi nasi tuliogopa kuingia. Tukabaki tunatazamana hapo.

"Mwambie avigeuze," Erasto akasema. "Mwambie asipogeuza, siingii."

Kilua akatafsiri. Mama akapiga magoti, akavigeuza kimoja kimoja, cha Erasto, changu, cha Kilua. Kaka yangu, ambaye hakulia hata alipomzika mkewe, alisimama pale machozi yanamtoka. Mzee Noguchi akasema ndiyo yake tukiwa bado mlangoni, bila kungoja chai.

Harusi ilifanyika Muheza. Akina Noguchi walipofika wakavua viatu kwenye baraza letu, wakaingia. Erasto akatoka mbele ya ukoo mzima, akapiga magoti, akavigeuza vikatazama njia. Wazee wakashika midomo. Shangazi yetu mkubwa akapiga kelele: "We Erasto! Wakwe wametoka mwisho wa dunia, unawafukuza?"

Erasto hakuinua hata kichwa. Alikuwa anakilaza sawasawa kiatu cha mama yule, kidogo kama cha mtoto.

"Shangazi," akasema, "kugeuziwa viatu si kufukuzwa."