Pimbi Aliyeruhusiwa Kusifu Tu

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa bado wanapika, wanafua na kupiga kura, palikuwa na nchi moja ikiitwa Mbuga ya Ukoka. Wananchi wake walikuwa wamegawanyika kama embe lililokatwa kwa kisu. Upande mmoja wala nyasi, upande wa pili wala majani ya miti. Msiniulize ugomvi wao ulianzaje, watoto wangu, maana wenyewe walishasahau. Mla nyasi akisema leo kuna jua, mla majani anafungua mwavuli. Mla majani akipiga chafya, mla nyasi anasema hiyo ni siasa.

Uchaguzi wa mwaka ule ulikuwa mkali. Wala nyasi walimsimamisha Kiboko, wala majani wakamsimamisha Mama Twiga. Kiboko akashinda kwa kura chache, akawa Mkuu wa nchi. Twiga akawa kiongozi wa wapinzani, na kazi yake ikawa kumchunguza Mkuu kwa karibu. Kwa shingo ile, hata kwa mbali aliweza.

Katikati yao aliishi Pimbi, jina lake Bi Mashavu. Mnamjua pimbi? Ni kanyama kadogo ka mawe, kanene kiasi, hakana mkia kabisa. Bi Mashavu alikula nyasi, na majani pia alikula, kwa hiyo hakuna aliyemwamini. Lakini sauti alikuwa nayo. Kila asubuhi alipanda juu ya jiwe kubwa akaita, "Kwiii, kwi, kwi, kwiii," kisha akatoa habari za nchi. Wengine walikuja kusikiliza, wengine walikuja kuzomea, ila wote walikuja.

Asubuhi moja alitoa habari fupi sana.

"Maji ya bwawa yananuka. Anayeyachafua ni Mheshimiwa Mkuu. Nimemwona kwa macho yangu."

Ilikuwa kweli tupu. Kiboko alishinda bwawani kutwa, na haja zake zote alizimalizia humo humo, mkia ukizunguka kama feni: pwata, pwata, pwata. Na bwawa lilikuwa ndilo hilo hilo moja la kunywa. Watoto wa nchi nzima walikuwa wanaharisha. Mtoto wa Bi Pundamilia alifika mahali hawezi tena kusimama.

Sasa mtadhani wananchi walishtuka. Wapi.

"Mimi nayaona matamu," alisema Bi Pundamilia, mla nyasi wa kufa na kupona. Alikuwa amembeba mwanawe mgongoni kwa kanga. "Yana harufu ya maua."

"Na mtoto anaumwa nini, shoga?" aliuliza Bi Mashavu.

"Amepatwa na jicho. Wala majani wamemkodolea."

Wala majani nao wakadakia kutoka upande wao. "Si tuliwaambia? Hata mvua ikichelewa ni Kiboko. Hata nzi hawa ni wa Kiboko."

"Nzi ni wa wote," alisema Bi Mashavu. "Mimi nimesema maji tu."

"Umenunuliwa wewe," wakamzomea. Wala nyasi nao wakamzomea kwa kuwa wenzao wamezomea. Akateremka jiweni huku masikio yanamlia.

Twiga peke yake ndiye aliyekwenda mbele ya baraza akasema, "Mheshimiwa, maji yananuka. Toka bwawani, ukajisaidie porini kama sisi."

Kiboko alikuwa na ngozi nene, lakini maneno yalimchoma upesi kuliko jua. Akapumua, "Pffruuu," maji yakawarukia watu wa mbele.

"Huo ni uchochezi," alisema. "Mfungeni."

Wakamfunga Twiga kamba shingoni, wakaivuta mpaka kichwa kikafika chini, wakaifunga kwenye kisiki. Kuanzia siku hiyo kiongozi wa wapinzani hakuona kitu zaidi ya siafu.

Kisha Kiboko akamwita Bi Mashavu. Pembeni yake alisimama Bwana Ngiri, msemaji wa Mkuu, mkia wake umesimama wima kama kijiti cha bendera. Ngiri aliupenda mkia ule kuliko alivyompenda mkewe.

"Bi Mashavu," alisema Kiboko, "mimi si dikteta. Sikukatazi kutangaza. Tangaza, ila sifa tu. Kila habari ipite kwanza kwa Bwana Ngiri. Na nimeweka sheria: linalotoka jiweni limetoka kwangu, na anayelipinga amenipinga mimi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa," alisema Bi Mashavu.

Akarudi pangoni kwake, akakaa, akakosa hamu ya kula. Alimfikiria Twiga pale kisikini. Alimfikiria mtoto wa Bi Pundamilia, macho yalivyomwingia ndani. Kusema ukweli ni kosa. Kunyamaza, mtoto anakufa. Imebaki sifa.

"Haya," alijiambia. "Kama ni sifa, nitasifu mpaka wanikome."

Kulikuwa na jambo moja alilokuwa akiliona kila siku kutoka juu ya jiwe lake. Nyuma ya ua wa Kiboko palikuwa na chemchemi ndogo ya maji safi. Ngiri alichota humo asubuhi, akamjazia Mkuu mtungi. Akiulizwa, husema ni dawa ya miguu. Kiboko alioga bwawani, lakini kunywa, alikunywa ya chemchemi.

Bi Mashavu akaenda kwa Ngiri akamkuta anapiga mswaki meno yake yaliyopinda.

"Hodi, Bwana Msemaji. Nimeleta sifa."

"Karibu. Itoe tuisikie."

Bi Mashavu akakohoa kidogo. "Mkuu wetu ni mnene, na unene wake ni fahari ya nchi."

"Vizuri."

"Mkuu wetu ni mkarimu, anawapenda wananchi, na zaidi ya wote anawapenda wala nyasi waliompa kura."

"Vizuri sana."

"Na msemaji wake, Bwana Ngiri, ana mkia uliosimama kuliko mikia yote ya Mbuga ya Ukoka. Ukiutazama kutoka mbali unadhani jengo."

Ngiri akaacha kupiga mswaki. Povu likamdondoka kidevuni.

"Hapo pa jengo," alisema polepole, "hebu rudia."

Bi Mashavu akarudia. Ngiri akafumba macho, akaomba tena. Akarudiwa tena.

"Ni kweli lakini," alisema Ngiri. "Si kwamba unanisifu, ni kweli. Na mwisho wake inasemaje?"

"Mwisho wake ni ukarimu wa Mkuu tu, Bwana Msemaji. Ukarimu mtupu."

"Ukarimu haujawahi kumdhuru mtu. Nimepitisha. Ila mkia uanze, unene wa Mheshimiwa ufuate."

Kesho yake asubuhi, Bi Mashavu alipanda jiweni. "Kwiii, kwi, kwi, kwiii." Akaanza na mkia, kama alivyoagizwa. Akaja kwenye unene. Akaja kwenye ukarimu, na hapo akapandisha sauti mpaka ndege wakaruka.

"Na kwa mapenzi yake makubwa, Mheshimiwa Mkuu leo anabadilishana maji na wananchi. Yeye atakunywa ya bwawani, yale matamu yenye harufu ya maua, kutoka kwenye vibuyu vyenu wenyewe. Ninyi mtakunywa maji yake, ya chemchemi iliyo nyuma ya ua wake. Aliyekupa kura leo unampa kinywaji. Njooni nyote."

"Uliyempa kura," alimsahihisha mtu kutoka chini.

"Huyo huyo. Njooni nyote."

Vigelegele vilisikika mpaka nchi ya jirani. Wala nyasi hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Kila mmoja alikimbilia bwawani, tumbwi, tumbwi, akajaza kibuyu, akashika njia ya kwa Mkuu akiimba. Bi Pundamilia ndiye aliyekuwa mbele, mtoto mgongoni, kibuyu kichwani. Wala majani walifuata nyuma wakinung'unika, lakini walifuata.

Kiboko alikuwa anakunywa uji aliposikia kishindo. Akatoka uani akakuta nchi nzima.

"Nini hii?" alimnong'oneza Ngiri. "Nani kasema nitakunywa yale maji?"

Mkia wa Ngiri ulianza kulegea. "Jiwe limesema, Mheshimiwa."

"Nani alipitisha?"

"Mimi. Kulikuwa na mkia mwanzoni, Mheshimiwa. Sikufika mwisho."

Kiboko akageuka kwa Bi Mashavu, macho yamemtoka. "Wewe. Huu ni uo—"

"Ni sifa, Mheshimiwa," alisema Bi Mashavu. "Nimesema wewe ni mkarimu. Kama si kweli, niambie nipande jiweni nikatangaze kwamba si mkarimu. Ila sheria yako inasema anayelipinga jiwe amekupinga wewe. Sijui kama unaruhusiwa kujipinga."

Kiboko akafungua mdomo wake wote, na mdomo wa kiboko mnaujua, halafu akaufunga. Wafuasi wake walikuwa wamemzunguka, nyuso zinang'aa kwa mapenzi. Bi Pundamilia alimsogezea kibuyu kwa mikono miwili.

"Karibu, baba. Nimekuchotea pale unapopenda kukaa."

Kiboko akapokea. Akanusa, kope zikamcheza. Akanywa. Glu, glu, glu.

"Matamu?" waliuliza wote.

"Ma... matamu," alisema Kiboko.

"Sasa changu," alisema Nyumbu.

"Na changu, baba, usinibague," alisema Kongoni.

Hakuna aliyekubali kibuyu chake kirudi nyumbani kimejaa. Walimpa kwa heshima, wakampa kwa machozi, wakampa mpaka tumbo likawa kama ngoma ya harusi. Ngiri naye wakamnywesha, kwa kuwa na yeye ni serikali.

Haukupita muda, tumbo la Mkuu likaanza kusema. Guru. Guru, guru. Guruguruguruuu.

"Nitarudi," alisema Kiboko, na kwa mara ya kwanza tangu aapishwe alikimbia. Alielekea porini, miti ikilala kushoto na kulia. Ngiri alimfuata mbio, mkia umelala kama kamba mbovu.

Kelele zikatulia. Bi Mashavu akawaelekeza wananchi nyuma ya ua. Chemchemi ilikuwa inatoka chini ya jiwe, maji meupe unaona mchanga wake. Bi Pundamilia akachota kwa kata, akamteremsha mwanawe, akampa. Mtoto akanywa, akapumua, akanywa tena, akashika kata kwa midomo asiiachie. Ndipo mama mwenyewe akaonja.

Akainusa kata, akaonja tena. Wote walimtazama.

"Kumbe maji hayana harufu," alisema hatimaye.

Hakuna aliyecheka. Nyumbu akaonja, akainamisha kichwa. Wala majani wakaonja, na safari hii hawakutaja hata nzi.

Bi Pundamilia akamwacha mtoto kivulini, akatembea moja kwa moja mpaka kisikini alikofungwa Twiga. Akaanza kuitafuna kamba, kru, kru, kru, mpaka ikakatika. Twiga akanyanyua kichwa taratibu, shingo inalia ka-ka-ka.

"Kwa hiyo sasa tuko pamoja?" aliuliza Twiga.

"Hatuko pamoja," alisema Bi Pundamilia. "Sikukupa kura na sitakupa. Lakini maji yananuka, na wewe ulisema yananuka, na mwanangu amekaribia kufa nikisema ni maua."

Basi. Kiboko aliporudi, amekonda kidogo, alikuta wananchi wa pande zote mbili wamesimama kwenye njia ya bwawani. Walimwambia chemchemi ni ya wote, na porini alikojisaidia leo ndiko atakakojisaidia siku zote. Akatazama, akatafuta wafuasi wake, akawaona wako mstari wa mbele. Akakubali. Aliendelea kuwa Mkuu mpaka muda wake ulipoisha, na ile sheria ya sifa haikutajwa tena.

Jioni yake Twiga alimfuata Bi Mashavu na tawi la mgunga laini. "Hongera, mwanangu. Sasa wewe ni wetu."

"Asante kwa tawi," alisema Bi Mashavu, akalirudisha.

Asubuhi akapanda jiweni. "Kwiii, kwi, kwi, kwiii. Mtoto wa Bi Pundamilia amesimama. Maji ya bwawa yameanza kutakata. Na jana, baada ya kufunguliwa, Mama Twiga alikula kwa pupa akavunja viota vya ndege katika mgunga wa kaskazini. Ndege wanadai vifumwe upya."

"Hata mimi?" alisema Twiga kutoka juu.

"Hata wewe, mama."

"Kanyama haka kana kero," alisema Twiga.

"Kana kero kweli," aliitikia Kiboko kutoka bwawani.

Wakatazamana, wakashangaa wenyewe. Lilikuwa jambo la kwanza ambalo serikali na upinzani wa Mbuga ya Ukoka walikubaliana. Twiga akaenda kutafuta majani ya kufumia viota.

Hadithi yangu nimeifikisha, na funzo lake ni hili: mkubwa akikataza watu kusema maji yananuka, maji hayaachi kunuka.